Haraka ya Abiria na Roho za Watu

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, nataka kukusimulia safari moja, si kwa kukufurahisha, bali kwa kuwa ndani yake mna swali lililoninyima usingizi.

Mwaka uliopita nalitoka kwetu Kizimbani nikaenda Mombasa kwa shughuli zangu. Nikiwa huko ikanifikia khabari kuwa mwenzangu niliyesoma naye chuoni amefariki Malindi, na atazikwa baada ya Alasiri. Nikasali Adhuhuri, nikenda kituoni, nikapanda matatu. Gari hizo ni ndugu wa daladala zetu, na jina lao latokana na nauli ya zamani, senti 30. Mwaka 1973 serikali ya Kenya iliziachia kuchukua abiria pasi na leseni maalumu ya biashara hiyo, na mwaka 2004 ikaamrisha zitiwe vidhibiti mwendo, zisipite kilomita 80 kwa saa. Basi sheria ipo.

Dereva alikuwa kijana wa kadiri ya wanangu. Nikamwambia, “Mwanangu, nawahi maziko, tufanyie haraka,” nikamtia mkononi shilingi 200 zaidi ya nauli. Akanijibu, “Usiwe na wasiwasi, Shehe. Alasiri utaisali Malindi.”

Tangu kuvuka Mtwapa nalijua kuwa kile kidhibiti, kama kilikuwamo, hakikuwa na kazi. Akawa ayapita malori penye kona, na utingo ananing'inia mlangoni. Daraja la Kilifi, ambapo kabla ya mwaka 1991 watu wakingoja kivuko, tulilipita kama mshale. Mama mmoja akalia, “Dereva, tuna watoto humu!” Mzee mmoja akamjibu, “Ajali haina kinga, mama.” Watu wakanyamaza. Nami nikanyamaza, kwani haja yangu ilikuwa yatimia.

Tulipokaribia Gede, mtoto alikuwa akivuka njia na dumu la maji. Gari likapinda, likaingia vumbini, likasimama hatua chache na shina la mwembe. Mtoto akabaki amesimama katikati ya njia, dumu limemwanguka, maji yamwagika. Hakuguswa. Tukarudi njiani tukaendelea, na maziko nikayawahi.

Sasa swali ni hili: lau mtoto yule angalikufa, ni nani angalikuwa muuaji?

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii wamesema kuwa aliye na mnyama njiani hudhamini anachokiharibu mnyama yule, roho au mali, usiku au mchana. Gari lastahiki zaidi hukumu hii, kwani mnyama ana matakwa yake, na gari halina ila mkono wa dereva. Tena wamesema kuwa mtendaji na msababishaji wakikutana, hukumu humwangukia mtendaji. Basi kafara ingalimhusu kijana yule, na dia ingaliwahusu jamaa zake, hata kama hakukusudia, nami ningalirudi Unguja sidaiwi kitu.

Lakini hiyo ni hukumu ya kadhi. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Maida kusaidiana katika dhambi na uadui, na mimi nalisaidia kwa ulimi, kwa mali, kisha kwa kunyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya kuliko kwa wengine, kwani wao waliogopa dereva, na mimi nalimlipa.

Huenda mtu akasema: nia yako ilikuwa njema, na maziko yana thawabu. Kweli, lakini kumzika maiti ni faradhi ya kifaya, na watu wa Malindi walikuwa wametosha. Kuilinda roho ya mtoto yule ilikuwa faradhi juu ya kila mmoja wetu tuliyekuwa garini. Mimi nalifuata thawabu ya hiari kwa kuhatarisha lililo wajibu. Huko si kutafuta kheri, ni kuipenda nafsi katika vazi la ibada.

Ama lile neno la mzee, kuwa ajali haina kinga, nalo lataka kuangaliwa. Ajali kwa Kiarabu ni muda aliopangiwa kiumbe, nasi Waswahili tumelifanya jina la kila gari lililopinduka, hata mtendaji akafichika nyuma ya kadari. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutawakali, akaamrishwa amfunge kisha atawakali. Mwendo wa kiasi ndiyo kamba ya gari. Asiyefunga kamba, kisha akamtaja Mungu, hakutawakali, amepuuza.

Basi enyi ndugu zangu, mwenye kupanda gari na aondoke mapema. Akichelewa, na akubali kuwa amechelewa. Akiona dereva avuka mpaka, na amkataze kwa upole, na asiposikia, na ateremke. Wala mtu asinunue haraka kwa roho ya mwenziwe, kama nilivyoinunua mimi kwa shilingi 200.

Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, amrehemu mwenzetu, na amkuze mtoto yule katika kheri. Amin. Wallahu aalam.