Nani Anajua Kinyago Kiliuzwa Bei Gani?

Katika soko la vinyago la Mwenge jijini Dar es Salaam, pembeni mwa Barabara ya Sam Nujoma, vibandiko vya bei ni adimu. Mteja anakishika kinyago cha ujamaa, wale watu waliobebana kuanzia chini hadi juu katika gogo moja, anakipindua kutazama kitako, anauliza: "Kaka, hiki bei gani?" Muuzaji hafungui daftari. Anamtazama mteja, anasikiliza lafudhi yake, ndipo anajibu: "Hicho laki mbili, dada yangu, ila bei ni maelewano." Dada anataka kujua mwisho ni ngapi. Kaka anamwambia ataje yeye alichonacho.

Kabla ya kutamka ile laki mbili, muuzaji amejiuliza kimoyomoyo swali moja: mara ya mwisho kinyago kama hiki kilitoka kwa shilingi ngapi? Jibu analo yeye, na pengine jirani yake wa kibanda cha pili. Mteja hana. Mchongaji aliyekaa wiki nzima na tezo na patasi huenda naye hana. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wanazuoni wa dini wamelihangaikia kwa karne nyingi: bei ya jana ina haki gani juu ya mauzo ya leo, na ni nani mwenye haki ya kuijua?

Kuna biashara moja duniani ambayo imejaribu kuliondoa fumbo hili kabisa, nayo ni ya vitabu vya zamani vya katuni nchini Marekani. Tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC hupokea kitabu cha mtu, hukikagua ukurasa kwa ukurasa, hukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Kikishafungiwa, kila kinapouzwa mnadani bei huandikwa pamoja na alama yake. Anayetaka kununua nakala yenye alama fulani hufungua orodha ya mauzo yaliyopita, hupiga wastani, na muuzaji hufanya vivyo hivyo. Wote wawili wanaingia kwenye maelewano wakiwa wamesoma ukurasa uleule.

Lakini hata huko namba zimegoma kutulia. Toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1938, liliuzwa madukani kwa senti 10. Aprili 2021 nakala yake yenye alama 8.5 iliuzwa kwa dola milioni 3.25. Aprili 2024 nakala nyingine, yenye alama ileile ya 8.5, iliuzwa kwa dola milioni 6. Kitabu kilekile, alama ileile, na kati ya mauzo hayo mawili ni miaka mitatu tu. Aliyeitumia bei ya 2021 kama kipimo cha thamani ya kitabu alikosea kwa karibu nusu. Aliyeitumia kama ushahidi wa kile ambacho mnunuzi mmoja alikubali kulipa siku moja hakukosea kitu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Bei iliyoandikwa ni ushahidi. Kama ushahidi wowote, mtu anaweza kuuficha, kuutoa nusu, au kuuweka wazi mbele ya pande zote mbili. Dhuluma ya sokoni huanzia hapo, kabla hata namba haijatajwa.

Simulizi maarufu ya Madina inaeleza kwamba bei zilipanda, watu wakamwendea Mtume Muhammad wakimwomba awapangie. Alikataa. Alieleza kwamba mwenye kupanga bei ni Mungu, na kwamba hakutaka kukutana na Mola wake huku kuna mtu anayemdai dhuluma ya damu au ya mali. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba dini imewaachia wafanyabiashara uhuru wote. Hawakusoma vya kutosha. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1328, alifafanua kwamba bei ya haki ni ile ambayo watu huuzia kitu cha namna hiyo mahali pale na wakati ule, na kwamba wauzaji wakishikana kuwakamua watu, mtawala anaweza kuingilia. Kwa maneno mengine, aliwaelekeza watu kwenye mauzo ya wenzao, yaliyo karibu kwa mahali na kwa siku.

Karibu nusu karne kabla yake, mwanateolojia Thomas wa Aquino alikuwa amelishughulikia suala hilohilo kwa Wakristo. Kwake bei ya haki haiwezi kupatikana kwa uhakika wa hesabu. Ni makadirio, na kuzidi au kupungua kidogo hakuivunji haki. Ila aliongeza jambo ambalo mtu yeyote wa Mwenge angelielewa mara moja. Kama muuzaji ataumia kwa kuachana na kitu, anaruhusiwa kudai zaidi kwa ajili ya hasara yake. Lakini kama nyongeza ya thamani inatokana na shida au hamu ya mnunuzi peke yake, muuzaji hana ruhusa ya kuiuza nyongeza hiyo, kwa sababu si mali yake.

Fikra hiyo ikipelekwa kibandani inauma. Mgeni anayeshuka kwenye gari la watalii akiwa na saa moja kabla ya kwenda uwanja wa ndege ana hamu kubwa na muda mdogo. Bei yake hupaa kwa sababu ya hamu ile. Wauzaji wengi watasema mgeni anazo, na kwamba siku nzima imepita bila mteja. Hoja ya njaa ni nzito na haipaswi kubezwa. Hata hivyo hoja ya njaa inahusu hasara ya muuzaji, na hiyo Thomas ameikubali. Kinachobaki bila utetezi ni ile sehemu inayoongezwa kwa sababu tu mnunuzi hajui.

Na mgeni siye anayeumia zaidi kwa kutojua.

Miongoni mwa makatazo ya biashara katika mafundisho ya Kiislamu kuna moja ambalo halizungumzwi sana siku hizi: kuwatokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni. Mfanyabiashara wa mjini alikuwa akitoka nje ya mji, anakutana na wachungaji na wakulima wakileta mali, anainunua palepale kwa bei ndogo kwa kuwa hawajasikia bei ya mjini. Biashara hiyo ilikatazwa, na mwenye mali akifika sokoni na kugundua alivyopunjwa, alipewa hiari ya kuivunja. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani hii, kwa kawaida hawavunji mauzo kwa sababu tu bei ilikuwa kubwa au ndogo mno. Lakini hapa wanatoa hiari hiyo. Kosa analobebeshwa mnunuzi ni kumzuia mwenzake asiifikie habari ya bei.

Sasa tazama safari ya kinyago. Mchongaji anakimaliza, anakipiga msasa, anakipeleka kwa mwenye kibanda kwa mali kauli: chukua, ukiuza utanipa changu. Mwenye kibanda anaweka cha juu. Akitokea dalali aliyemleta mteja, naye ana cha juu chake. Mnunuzi wa jumla anakipakia kwenye kontena, duka la ng'ambo linaongeza lake, na kama kazi ni ya fundi aliyejulikana, siku moja itasimama kwenye ukumbi wa mnada. Katika kila kituo bei mpya inazaliwa, na hakuna hata moja inayorudi nyuma kumfikia aliyeshika patasi. Anaanza gogo linalofuata akiwa na bei moja tu kichwani, ile ya chini kuliko zote. Yeye ndiye mtu wa msafara, na mji umemtokea njiani maisha yake yote.

Wapo watakaosema vinyago havipimiki kama vitabu vya katuni, hivyo orodha ya mauzo haitasaidia. Kwa sehemu wako sahihi. Kitabu kilichapwa kwa maelfu ya nakala zinazofanana, na ndiyo maana alama inafanya kazi. Mwenge kuna kazi za namna mbili zilizokaa kwenye rafu moja. Kuna tembo, twiga na bakuli za saladi zinazochongwa kwa kurudiwa, ambazo bei ya jana inazitosha kabisa. Halafu kuna kazi ambayo fundi ameitoa kwenye umbo la gogo lenyewe, pale lilipopinda na palipo na kidonda, nayo haitajirudia.

Hata hivyo yapo mambo yanayopimika na kila mchongaji anayajua. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutosa majini unazama. Sehemu yake iliyo chini ya gamba ni nyeupe yenye umanjano na moyo wake ni mweusi, ndiyo maana mafundi wengine huacha ukanda wa rangi hiyo nyepesi kwenye kazi ili mti ujitambulishe wenyewe. Mti mwepesi uliopakwa kiwi nyeusi ya viatu huacha alama kwenye kitambaa cheupe ukisuguliwa. Kuhusu hili Thomas na mafakihi wanasema kitu kimoja: muuzaji anayejua kasoro iliyojificha analazimika kuisema. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na mti wa kupakwa rangi hauna gharama hiyo. Kuuza mmoja kwa jina la mwingine ni wizi, na hakuna maelewano yanayoweza kuutakasa.

Kinachokataa kabisa kupimwa kwa bei za nyuma ni kitu kipya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji wa Kimakonde aitwaye Samaki Likankoa alianza kutoa maumbo ya ajabu, viungo vimekatika na nyuso zimepindishwa, na mtindo wa shetani unahesabiwa kuanzia kwake. Mnunuzi wake alikuwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam. Siku shetani wa kwanza alipowekwa mezani hapakuwa na shetani mwingine aliyewahi kuuzwa. Mtu aliyeshikilia mauzo yaliyopita angekitazama kinyago kile akaona kazi iliyoharibika. Peera alinunua, na mtindo ukaenea. Hilo lilihitaji jicho, na jicho halimo kwenye orodha yoyote.

Pwani hii pia ina somo chungu kuhusu orodha za bei. Katika soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, wafanyabiashara walijua vizuri sana bei ya msimu uliopita kwa mtu wa umri fulani na afya fulani. Walimkagua meno, wakampanga daraja, wakataja bei iliyolingana na mauzo ya jana. Mahesabu yao yalikuwa thabiti, na kila mauzo yalikuwa uovu. Mtakatifu Augustino, mtu wa Afrika Kaskazini, alishaona karne nyingi kabla kwamba sokoni farasi huweza kuuzwa ghali kuliko mtumwa, wakati kwa daraja la uumbaji mtu hana wa kufananishwa naye. Soko lile lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa palepale. Mtu anayesema bei ya haki ni ile tu ambayo watu wamezoea kulipa anapaswa kusimama uwanja ule kwanza.

Basi rekodi ya mauzo haiwezi kuwa hakimu. Lakini kama shahidi inahitajika sana, na katika ukanda huu imeanza kujitokeza. Nairobi, tangu mwaka 2013, Circle Art imekuwa ikiendesha minada ya sanaa ya Afrika Mashariki, kazi zinanadiwa hadharani na bei zinasikika na kila aliyemo ukumbini. Mwaka 2019 Kenya ilirekebisha sheria yake ya hakimiliki na kumpa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Ufaransa ilianza na haki ya namna hiyo mwaka 1920. Sheria kama hizo zinakiri kwamba bei ya kwanza haikumaliza deni.

Edward Saidi Tingatinga hakufaidika na lolote kati ya haya. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao za dari, na kazi zake ziliuzwa kwa bei ndogo pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa akafa. Aliacha miaka minne ya kazi na mtindo unaoitwa kwa jina lake dunia nzima. Kilichobaki mikononi mwa familia na wanafunzi wake ni ufundi, nao waliujengea chama cha ushirika mwaka 1990. Faida ya picha zake zilizokwisha kuondoka imekwenda kwa waliozimiliki.

Mwenge ingeweza kuanza na kitu kidogo kuliko sheria: jina la mchongaji chini ya kitako cha kinyago, na daftari la soko lenye aina ya mti, urefu, mwezi na bei iliyolipwa, ambalo mchongaji, mwenye kibanda na mteja wote wanaruhusiwa kulisoma. Kazi nyingi pale hazina jina la aliyezichonga, na bila jina daftari litakuwa la miti na sentimita. Wapo watakaoliogopa kwa sababu ya mamlaka ya kodi, na wapo watakaohofu kwamba jirani ataitazama bei yao na kuuza chini yake. Hofu ya pili ni ya kweli, kwa sababu daftari litawabana kwanza wanaochonga twiga wanaofanana. Fundi wa kazi isiyojirudia analo jibu lake tayari: anaweza kudai zaidi ya wastani kwa kile anachokipoteza, ilimradi mnunuzi ameuona wastani huo kabla ya kutoa pesa, na yeye mwenyewe ameiona bei ambayo kinyago chake cha mwaka jana kilifikia baada ya kuondoka mikononi mwake.