Kuponywa kwa Nchi

Somo: 2 Wafalme 2:19–22



Habari ya somo letu ni fupi, nanyi wengi mwaijua tangu utoto. Watu wa Yeriko walimwendea nabii Elisha wakamweleza hali ya mji wao. Mahali pake palikuwa pazuri, naye Elisha aliona hivyo. Lakini maji yalikuwa mabaya, wala nchi haikuzaa. Nabii akaagiza aletewe chombo kipya chenye chumvi. Kisha akatoka, akaenda mpaka chemchemi yenyewe, akaitupa chumvi mle, na Bwana akayaponya maji.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, wenyeji walisema kweli. Hawakuuficha ugonjwa kwa kuwa mji wao ulipendeza machoni. Pili, nabii hakwenda bondeni yalikofika maji, bali alikwenda yalikotoka. Tatu, aliyeponya ni Bwana, walakini chombo na chumvi vililetwa na mikono ya watu wa mji.

Basi, tuitazame nchi yetu. Geita nayo ni mahali pazuri. Mgodi wake wa kwanza ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kando yake wako maelfu ya wachimbaji wadogo, nao ni watu wetu, baba na mama wa watoto wa kipaimara. Kazi yao hatuihukumu. Mwanzo 2 huitaja dhahabu kuwa njema, na Ayubu 28 huueleza ustadi wa mtu ashukaye gizani kuitafuta. Tunalosema ni juu ya zebaki.

Mchimbaji husaga mawe, huosha mchanga katika mwalo, hutia zebaki ili ishikamane na dhahabu, kisha huichoma. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu husalia. Macho huiona dhahabu iliyosalia, wala hayauoni mvuke uliokwenda zake. Nao haukupotea. Huingia mapafuni mwa mwenye kuchoma na mwa mtoto aliyeketi karibu. Mwingine hushuka juu ya paa, na uwanja, na bustani ya mchicha. Zebaki iliyomwagika pamoja na mchanga hukaa katika udongo na vijito. Huko matopeni vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki. Sumu hii huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye bado tumboni ndiye aumizwaye kuliko wote. Mambo haya si uvumi: mwanzoni mwa karne hii wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika Rwamagasa, katika Geita, wakayachunguza.

Je, nchi iliyoumizwa yaweza kupona? Wakristo wa Shinyanga wanalo jibu. Wakati wa ukoloni miti ilikatwa na vichaka vikafyekwa ili mbung'o wafe. Baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka, na mifugo pia, hata watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 ikaanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Wasukuma walikuwa na desturi ya wazee wao iitwayo ngitili, yaani kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi zitunzwe kwa kiangazi. Desturi hiyo ikafufuliwa. Vijiji viliweka sheria katika dagashida, mkutano wa kijiji, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipuka. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Kazi ilipokoma mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000.

Lakini tusijidanganye, ndugu. Jeraha la Shinyanga lilipona kwa kuachwa lipumzike, kwa kuwa mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi. Jeraha la zebaki haliponi kwa kuachwa tu. Zebaki haiozi kama jani, wala haifi kama mdudu. Mahali palipotiwa sumu hiyo, miaka mingi ikipita, itakuwapo bado. Na miji yetu inakua: mwalo wa jana waweza kuwa kiwanja cha nyumba kesho, tena kiwanja cha shule.

Watu wa Minamata, katika Japani, waliyajua hayo kwa machozi. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba yao, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Ili kuisafisha ghuba, tope lilichotwa na kufukiwa tangu 1977 hata 1990, likafunikwa kwa udongo safi, na juu yake sasa pana bustani ya watu wote. Nchi ilipata nafuu. Lakini kilichomwagwa kwa urahisi kiliondolewa kwa miaka 13 na kwa fedha nyingi mno.

Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mapatano mwaka 2013, na Tanzania iliyathibitisha mwaka 2020. Yataja mambo manne ya kukomeshwa: kuutia zebaki mchanga wote uliosagwa, kuichoma wazi, pasipo chombo cha kuunasa mvuke, kuichoma katika makao ya watu, na kuyatia marudio sianidi kabla ya kuondoa zebaki iliyomo. Hilo la nne tulishike sana. Marudio yana dhahabu bado, na kuyachenjua tena si vibaya. Bali sianidi huiyeyusha zebaki pia, ikaichukua mbali zaidi katika udongo na maji.

Tazameni sasa jinsi mambo hayo manne yote yalivyo ya chemchemi, si ya bonde. Atakaye kuiponya nchi na aanzie mwaloni. Mchanga uoshwe kwanza hata ubaki kidogo. Zebaki, ikiwa ingali yatumika, ichomwe katika chombo kilichofungwa, mbali na jiko na watoto. Mama mwenye mimba asiishike kamwe. Tena mtu asinunue wala asigawe kiwanja palipokuwa mwalo kabla udongo haujapimwa. Wazee wa usharika na waulize kwa watu wa hifadhi ya mazingira na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Udongo uliothibitika kuwa na sumu uondolewe au ufunikwe kwa shauri la wenye ujuzi, si kubebwa usiku na kumwagwa kwa jirani.

Nanyi walimu na wainjilisti, mnapofundisha Amri ya Tano, msiishie kwenye panga na rungu. Katekisimo yetu yatufunza kwamba amri hiyo hukataza kuudhuru mwili wa jirani, tena huagiza kumsaidia. Auaye kwa mvuke usioonekana huua polepole, pengine pasipo kujua. Basi kumjulisha ni kazi ya mchungaji. Twajua jaribu lililopo: mwenye mwalo ndiye atoaye sadaka kubwa, na bati za kanisa pengine ni zake. Lakini watu wa Yeriko hawakumheshimu nabii kwa kunyamaza. Walimheshimu kwa kumwambia ugonjwa wa mji. Mpendeni mwenye mwalo hata mmwambie kweli, kwa upole, mkiketi naye nyumbani kwake, kwa kuwa watoto wa kwanza kuvuta mvuke huo ni wake.

Nchi ni ya Bwana, asema Musa katika Walawi 25, nasi tu wageni ndani yake. Mgeni mwema huacha nyumba katika hali ambayo mwenyeji hataona haya kumkaribisha mwingine.

Bwana aliyeiponya chemchemi ya Yeriko atupe mikono ya kuleta chumvi, na vinywa vya kusema kweli, ili watoto wetu wale mchicha wa nchi hii pasipo hofu. Amin.