Je, Tuna Haki ya Kuliamini Umbo Ambalo Hakuna Aliyeliona?

Mwaka 2020 vikundi viwili vya watafiti, kimoja cha Cambridge na kingine cha Göttingen, vilichapisha umbo la apoferitini, ganda la protini ambamo mwili huhifadhi madini ya chuma, kwa undani wa karibu anstromu 1.2. Anstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Kwa undani huo atomu huanza kuonekana mojamoja. Mtazamaji hudhani kuna kamera iliyosogezwa karibu sana. Haikuwepo. Picha hupigwa kwa hadubini ya elektroni, na elektroni huiharibu protini kadiri zinavyoipiga, kwa hiyo hadubini hulazimika kutumia chache mno, na kila picha hutoka imejaa chenga kiasi kwamba umbo la protini iliyomo halisomeki kwa jicho. Kinachofanyika ni kuzigandisha protini katika barafu kwa kasi ambayo maji hayapati nafasi ya kufanya fuwele, mbinu ya Jacques Dubochet na wenzake ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha kupiga picha za maelfu kwa maelfu ya chembe zilizolala kila upande. Kompyuta hukisia kila chembe ilielekea wapi, hukokotoa wastani, hurudia kukisia, hadi umbo la pande tatu litokee. Je, tuna haki ya kusema tunalijua umbo hilo? Nasema tunayo, ila haki hiyo haitokani na uangavu wa picha. Inatokana na jambo moja: data zilipewa nafasi ya kweli ya kutukatalia.

Uangavu peke yake unaweza kudanganya bila mtu yeyote kusema uongo. Richard Henderson, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2017 na Dubochet pamoja na Joachim Frank, alilikumbusha hilo mwaka 2013 kwa mfano wa kutisha. Chukua picha 1,000 za chenga tupu, zisizo na kitu ndani. Iamuru kompyuta iigeuze na kuisogeza kila moja mpaka ifanane kadiri iwezekanavyo na picha ya Einstein, kisha utafute wastani. Einstein atatokea, na uso wake utatambulika. Hesabu zote ni sahihi. Kosa ni kwamba swali lilikuja na jibu lake. Aliutumia mfano huo katika mzozo mzito: mwaka huohuo umbo la protini ya gamba la nje la virusi vya UKIMWI lilikuwa limechapishwa, na Henderson na wengine wakapinga hadharani, wakisema picha zilizotumika hazikuthibitika kuwa na protini hiyo. Wanaotafuta chanjo hulitegemea umbo kama hilo katika kazi yao, hivyo hapa kuna maisha ya watu.

Wapo watakaosema dawa ni kutupa matarajio yote na kuziacha data ziseme zenyewe. Haiwezekani. Ibn al-Haytham, katika karne ya 11, alikwisha kuonyesha kwamba hata macho yetu hayapokei tu. Akili hupima na kuhukumu ndani ya kila tendo la kuona. Programu ya RELION, iliyotolewa na Sjors Scheres mwaka 2012, hutumia matarajio waziwazi, lakini ni matarajio ya jumla: kwamba umbo la protini halibadiliki kwa mirukoruko kutoka nukta hadi nukta. Kutarajia kwamba kipo kitu chenye mpangilio si sawa na kutarajia uso wa Einstein.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilitafakari mapema swali la lini wingi wa ushahidi unatosha. Ili habari iitwe mutawatiri, hawakutosheka na wingi wa wapokezi. Walitaka iwe muhali, kwa kawaida ya mambo, wapokezi hao kuafikiana juu ya uongo, na walitaka mnyororo uishie kwenye kilichoonwa au kusikiwa, si kwenye rai ya mtu. Picha milioni zilizopangwa kwa kielelezo kimoja ni wapokezi milioni waliosimuliwa na mtu mmoja: wingi wao hauongezi kitu. Ndiyo maana utaratibu unaokubalika leo huzigawa data katika nusu mbili tangu mwanzo, kila nusu ijenge umbo lake bila kuchungulia lingine, na undani unaodaiwa uishie pale nusu hizo zinapoacha kukubaliana. Mtu anaweza kunijibu kwamba sharti la mwisho linaiangusha hoja yangu, maana hapa hakuna aliyehisi chochote. Sikubali. Elektroni zilipita kweli ndani ya protini na kuacha alama kwenye kihisi. Hesabu hukusanya alama hizo. Katika chenga za Einstein hapakuwa na kitu chochote mwanzoni mwa mnyororo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba nusu zote mbili zilipita hadubini ileile, programu ileile, na mara nyingi zilianza na kisio lilelile. Ni kweli, na makubaliano yao hayatoshi. Kinachonishawishi zaidi ni yale ambayo hakuna aliyeyaingiza. Kisio la mwanzo hufifishwa makusudi, libaki doa lisilo na undani. Basi minyororo ya protini inapoonekana ikijisokota, na matawi ya asidi amino yanapochomoza palepale ambapo mfuatano wa jeni unayadai, undani huo umetoka kwenye data. Siku hizi hatari ya swali kuja na jibu lake imehamia kwenye undani huohuo, kwa sababu kompyuta hutabiri maumbo ya protini kabla ya picha kupigwa, na utabiri mzuri ukipachikwa juu ya picha hafifu huonekana kama uthibitisho.

Ndiyo maana data zenyewe lazima ziwe wazi kwa wengine kuzikagua. Hazina ya kimataifa ya maumbo haya, EMDB, tayari hudai nusu mbili ziwekwe wazi. Picha ghafi zina hazina yake, EMPIAR, lakini kuziweka humo bado ni hiari. Majarida yanayochapisha maumbo haya yalifanye hilo kuwa sharti.