Mpasheni Haujitegemei?

Je, mmea unaotambaa ni mmea usiojitegemea? Swali hili limenikaa kichwani tangu nilipohamia kwa dada yangu Morogoro ili nimalizie shahada ya uzamili, maana jamaa zangu huniuliza lilelile kwa maneno mengine: "Na wewe utajitegemea lini?"

Uani kwa dada kuna mpera, na chini yake mpasheni. Pale jua hufika asubuhi tu. Mchana kivuli cha nyumba hufunika. Mpasheni hustahimili kivuli, majani yanastawi vizuri tu, lakini maua huyatoa zaidi kule juu, kwenye machipukizi mapya yaliyofikia mwanga. Ndiyo maana unatafuta pa kushika. Vile viuzi vyake vikigusa kijiti hukizunguka, kisha hujikunja kama springi na kuuvuta mmea karibu. Charles Darwin, aliyechapisha utafiti wake kuhusu mimea itambaayo mwaka 1865, aliona humo namna ya kubana matumizi: mmea unafika juani bila kujijengea shina nene.

Kwa hiyo mpasheni si kupe. Mizizi ni yake, na chakula unajitengenezea wenyewe. Unachoazima ni kimo tu. Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hoja hiyo inanifaa sana. Lakini mpera nao una lake. Matawi yaliyofunikwa hukosa mwanga, na mvua ikinyesha mzigo huongezeka. Kuegemea si kuiba, ila kuna anayebeba.

Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, neno hilo lilikuwa na watu wengi ndani yake: shule na shamba lake, kijiji, taifa zima, watu wakifanya kazi pamoja. Siku hizi tumelipunguza hadi chumba cha kupanga na jiko la gesi. (Jiko la gesi silidharau.) Aliyelipiwa ada na nduguye huambiwa bado hajasimama, aliyelipiwa kwa mkopo wa benki huonekana kasimama. Wote wameegemea. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba benki haichoki, dada huchoka, na akichoka hasemi. Hutoa tu ada ya muhula unaofuata na kuahirisha kupaka rangi nyumba yake. Anayeniuliza nitajitegemea lini hajawahi kuniuliza dada anaendeleaje.

Msimu huu, tukishavuna, tutaupogoa mpasheni. Hautadhurika, kwani maua huja kwenye machipukizi mapya. Nataka tuuelekeze kwenye kichanja upande wa mashariki, nguzo mbili na waya, ili mpera upumue. Waya nitanunua kwa hela yangu ya kufundisha tuisheni. Dada anaona ninajisumbua bure. Anasema mpera haujalalamika.