Gesi ya Jokofu Letu la Zamani

Mnajua tumenunua jokofu jipya la jikoni kanisani. La zamani, lenye umri wa zaidi ya miaka 30, bado limesimama kwenye korido. Mnunuzi wa chuma chakavu yuko tayari kulibeba bure. Fundi mwenye leseni anataka alipwe ili kwanza aitoe gesi iliyomo. Katika kikao tuliulizana: kwa nini tutoe pesa kwa ajili ya hewa isiyoonekana?

Gesi ile ni CFC. Ilipobuniwa mwaka 1928 ilionekana baraka, maana majokofu ya wakati ule yalitumia gesi zenye sumu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba ikifika juu sana angani hutoa klorini inayoharibu ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale ya jua iletayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo limepungua mno juu ya Antaktika.

Je, walioitumia kabla ya hapo walikosa? Tunaona kwamba asiyejua hahukumiwi sawa na ajuaye. Lakini ukishajua, una deni. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana mjini Montreal kuanza kuipunguza, na hatimaye kila nchi ikaridhia, hata zile tulikotoka, ambazo zilichangia kidogo sana. Mwaka 2016, huko Kigali, waliongeza kwenye mkataba gesi zilizochukua nafasi ya CFC, kwa kuwa zinaongeza joto duniani.

Wataalamu wanatarajia tabaka la juu ya Antaktika kurudia hali ya mwaka 1980 karibu na mwaka 2066. Wengi wetu hatutakuwepo. Basi tunamlipia mtu ambaye hatatujua. Lakini jokofu lenyewe lilinunuliwa na waliotutangulia hapa, nasi tumekula vilivyohifadhiwa humo miaka yote bila kujua majina yao.

Kwa hiyo tumeamua kumlipa fundi. Mchango utapokelewa Jumapili ijayo baada ya ibada. Watoto wakiuliza nani angejua kama tungelitupa tu, tuwaambie: sisi tungejua.