Alidhani Kamera Imemsikia

Shule moja ya mji wa Baraka ilimpa kijana kazi ya kadi za wanafunzi. Alikuwa na kompyuta ya Linux, kamera ya kuchomeka kwa waya, na programu aliyoiandika mwenyewe: bonyeza kitufe, picha inakaa kwenye kadi kando ya jina na darasa. Aliketisha watoto mlangoni, migongo nje, ili yeye na mashini wakae kivulini ndani, aone kioo vizuri. Mlango ulitazama mashariki, na saa mbili asubuhi ziwa Tanganyika huwaka kama bati jipya.

Nyuso zikatoka giza tupu. Kilichoonekana ni kola nyeupe za sare. Kamera ikiachwa ijiamulie hupima mwanga wa picha nzima, kisha hufupisha muda wa kupokea mwanga ili mlango usiungue. Uso ulio mbele ya mlango hauna mtetezi, na ngozi zetu nyeusi ndizo huumia zaidi. Mwaka 2009 kompyuta za HP zilizua zogo Marekani, baada ya video kuonyesha kamera ikimfuata mwanamke mzungu kila anakosogea na kumpuuza mwenzake mweusi. Kampuni ikajibu kwamba programu hutafuta tofauti ya mwanga kati ya macho na mashavu, na huenda ikashindwa mwanga ukiwa haba mbele ya mtu.

Kijana hakugusa kiti. Aligusa msimbo. Akaandika muda wa mwanga: 312. Kwenye Linux kila moja ni sehemu ya elfu kumi ya sekunde, kwa hiyo alitaka kama 1/32 ya sekunde. Programu haikulalamika, naye akaridhika. Kumbe kamera ikiwa bado inajiamulia, amri ya namna hiyo haifanyi kazi: ama hurudisha kosa, ama hupita kimya. Msimbo wake haukungoja jibu.

Nyuso zilipobaki giza, akapandisha kipimo cha weupe hadi mwisho. Huko ni kupaka chokaa juu ya masizi: mwanga ambao kamera haikuupokea haurudi. Giza likageuka kijivu chenye chengachenga. Muda ulikuwa umebana, akachapa, akafunika kwa plastiki, akagawa.

Mama mmoja aliileta kadi ya bintiye, akaiinua dirishani, akaigeuza huku na huku. "Mwalimu, huyu ni wangu ama wa jirani? Mimi naona kola tu."

Usiku ule kijana alipata mpangilio. Kwanza unaizuia kamera isijiamulie (kwa nyingi za aina ile, kwenye Linux, 3 ni kujiamulia na 1 ni mkono wako), ndipo unaandika 312, kisha unaisoma tena namba uone kama imekaa. Kesho yake nyuso zilionekana, ingawa mlango nyuma yao ulikuwa mweupe kama maziwa. Na kwa kuwa kamera nyingi hushika ulichoziambia hadi uzichomoe, 312 ilibaki humo. Jioni prefe, mkuu wa shule, akapiga simu ya video juani kwa kamera ileile, akaonekana kama mzuka, akatangaza kwamba kamera imeharibika.

Mzee mpiga picha za pasipoti, aliyekuja kutazama, alicheka. "Mwanangu, mbona mtoto amelipa ziwa mgongo? Geuza kiti."

"Lakini Papa, nimeshaweka namba."

"Geuza kiti, halafu uweke namba yako."

Walipogeuza, 312 iliunguza kila uso. Ikabidi ashuke hadi 80. Kioo nacho, sasa kikiwa nje, kikawa hakionekani kwa jua, akajifunika kitenge kichwani pamoja na mashini, kama wapiga picha wa zamani.

Kazi iliyofuata ilikuwa Fizi, juu milimani, kwenye kompyuta ya Windows. Alipofika alimkalisha mtoto wa kwanza, uso mlangoni. Kabla ya kuandika lolote, aliiuliza kamera mipaka yake. Ikajibu: kuanzia -13 hadi -1. Kwenye Windows muda huhesabiwa kwa kugawa sekunde nusu kwa nusu. Ile 1/32 yake ya Baraka inaitwa -5. Angeileta 312 kama ilivyo, isingekuwa na mahali pa kukaa, na programu yake ya awali ingenyamaza vilevile.

Akaandika -7, jirani ya ile 80, akaisoma tena. Ilikuwa -7. Ndipo akamwambia mtoto anyanyue kidevu.