Mti Mwema Una Mzizi Gani?

Chuoni, maalim wetu alipofika aya ya 24 ya Sura Ibrahim, neno jema linapofananishwa na mti mwema, aliichomeka bakora yake mchangani. "Imani ishuke hivi," akasema. Mimi nikauona mwembe wa nyuma ya chuo: mzizi mkuu mmoja, mnene, moja kwa moja chini.

Baadaye nikafundisha biolojia hapa Tanga, na ile bakora ikawa inanikera. Mama yangu alihifadhi sura fupi chache tu, maana yake hakuijua. Kwa kipimo cha maalim, imani yake ilikuwa ya juujuu.

Sasa njoo Tongoni maji yakipwa, chini ya magofu. Vua viatu, kisha utajuta: tope lote limeota vijiti vilivyosimama wima, unene wa penseli. Hiyo ni mizizi ya mchu. Ile mikubwa inatambaa kwa ulalo, haizami, kwa sababu humo chini hakuna hewa; chimbua kidogo tu upate harufu ya yai viza. Kwa hiyo mti unapandisha mizizi juu ikavute pumzi. Kivunje kijiti kimoja: ndani laini kama sifongo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama mzizi huo umepotea njia. Nilicheka, lakini swali sikulisahau.

Mkoko, uliotupa boriti za nyumba na nyingine zikapakiwa majahazini hadi Arabuni, unasimama kwa miguu iliyopinda, na chumvi nyingi unaizuia huko huko mizizini. Mchu nao unazuia, ila inayopenya unaitolea majanini. Lamba jani lake uone.

Lakini mti wa mama ni mnazi. Upo mmoja ulioangushwa pale ufukweni, kitako chake kiko wazi: mzizi mkuu hakuna. Ni nyuzi, mamia ya nyuzi, hakuna unaozidi kidole. Mama alifagia uwanja kabla ya alfajiri, alipiga bismillahi kwa kila upawa wa wali, sahani ilivuka kwa jirani hata siku ambayo sisi hatukushiba. Ukiushika uzi mmoja mmoja, hakuna unaoweza kufunga hata mbuzi. Alizika watoto wawili na mume, na hakuyumba.

Neno la Kiarabu linalousifu mzizi katika aya ile ni thabit, nasi tunalo, thabiti. Urefu haukutajwa. Kina kimeletwa na bakora.

Nilimpelekea maalim hoja hiyo uzeeni mwake, barazani, nikiwa na hakika nimemshinda. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mbona huo mnazi wako umeanguka?"

Nikamwambia mzizi haukung'oka, bahari ndiyo iliyokula mchanga wote chini yake.

Akanyamaza kitambo, akachezea tasbihi. Kisha akauliza kama nazi zake kuna mtu aliyeziokota.